Samli, alizeti, mafuta ya kuganda au omena: kuchagua ukiwa na mitokondria akilini

Shangazi yangu, sisi humwita waya, anaishi Manyatta hapa Kisumu. Mwezi uliopita aliniita kwake, akanikalisha jikoni na kupanga vitu vinne mezani: chupa ya mafuta ya alizeti, mkebe wa mafuta ya kuganda, chupa ndogo ya samli iliyotoka kwa jamaa zake Nyakach, na mfuko wa omena, dagaa wa ziwani. "Mwalimu," akaniambia, maana tangu nianze kufundisha biolojia hata wakubwa wangu nyumbani huniita hivyo, "mzee moyo wake umechoka. Kliniki wamesema apunguze mafuta. Hawakusema mafuta gani. Niambie nipike na nini."

Nilimwomba siku chache. Jibu lilikuwa ndani ya somo ninalolifundisha kila mwaka, lakini sikuwa nimewahi kulipeleka hadi kwenye sufuria. Nimeliandika kirefu kwa sababu najua meza kama ya waya ziko nyingi, kuanzia Kondele hadi Kakamega na Busia.

Ukuta wa mtambo

Ukienda Nyakach utaukuta mtambo wa umeme wa Sondu Miriu. Maji ya mto hupitishwa kwenye handaki refu, yakashuka kwa nguvu na kuzungusha mashine. Mtambo ule hauna bwawa kubwa la akiba. Unazalisha kadiri mto unavyotiririka. Mwili nao uko hivyo. Nishati ambayo seli hutumia, ATP, haiwekwi ghalani. Iliyomo kwenye misuli kwa wakati mmoja ingetosha sekunde chache tu. Kwa hiyo inatengenezwa upya saa zote, hata mtu akilala, na kwa siku moja kiasi kinachotengenezwa na kuvunjwa hukaribia uzito wa mwili wenyewe.

Kazi hiyo hufanyika kwenye mitokondria, vile vyumba vidogo vya nishati ndani ya seli, na hasa kwenye utando wake wa ndani, ule uliokunjwakunjwa. Elektroni kutoka kwa chakula hupokezanwa na protini zilizochomekwa kwenye utando huo mpaka zifike kwa oksijeni, na njiani protoni husukumwa kwenda upande wa nje. Zikirudi ndani, hupita kwenye protini inayozunguka kama gurudumu, na mzunguko huo ndio unaounda ATP. Mwingereza Peter Mitchell aliyapendekeza haya mwaka 1961, wengi wakampinga, na mwaka 1978 akapewa Tuzo ya Nobel ya kemia. Mwaka 1997 tuzo hiyo ikawafikia Paul Boyer na John Walker kwa kueleza jinsi gurudumu lenyewe linavyofanya kazi.

Darasani huwa tunaishia kwenye protini na gurudumu. Ukuta unaoyazuia "maji", yaani protoni, tunaupita kama vile ni ngozi tu ya kufunikia. Ukuta huo ni wa mafuta. Unene wake ni nanomita 5 hadi 7, na unabeba tofauti ya umeme ya milivolti 150 hadi 180. Namba hizo zinaonekana ndogo, lakini ukizipigia hesabu kwa mita moja unapata zaidi ya volti milioni 20. Ukuta mwembamba namna hiyo ukivuja, protoni hurudi bila kuzungusha chochote, na chakula ulichokula kinaishia kuwa joto.

Mafuta ya ukuta huu si mafuta ya kawaida. Ni fosfolipidi, yaani molekuli zenye kichwa kinachopenda maji na mikia ya mafuta inayoyakimbia. Aina mbili ndizo nyingi kuliko zote, na karibu kila utando mwilini unazo. Ya tatu hupatikana karibu tu kwenye mitokondria. Jina lake ni kadiolipini, na ni takriban sehemu moja kwa tano au kwa sita ya fosfolipidi za utando wa ndani. Iligunduliwa na Mary Pangborn wa Marekani mwaka 1942 kwenye moyo wa ng'ombe, ndiyo maana jina lake lina neno la moyo. Mama yeyote aliyepimwa kaswende kwa kipimo cha VDRL kwenye kliniki ya wajawazito amekutana nayo bila kuambiwa: kadiolipini ni mojawapo ya vitu vinavyounda kipimo hicho.

Fosfolipidi nyingine zina mikia miwili. Kadiolipini ina minne. Kichwa chake ni kidogo na mikia imetanuka, hivyo umbo lake ni kama pia, na zikikusanyika nyingi utando unapinda. Bila kupinda huko mikunjo ya mitokondria haisimami vizuri, na ni kwenye kingo za mikunjo ndipo magurudumu ya ATP hujipanga safu kwa safu. Kadiolipini pia hushikanisha protini za kupokezana elektroni zikae pamoja badala ya kuelea kila moja kivyake, na hukishika saitokromu c, mjumbe mdogo anayebeba elektroni kutoka kituo kimoja hadi kingine. Protini inayotoa ATP nje na kuingiza ADP, malighafi yake, ndani nayo imekutwa na kadiolipini zimeing'ang'ania.

Sasa, mikia ile minne imetengenezwa na nini? Kwenye moyo wa binadamu, sehemu kubwa kabisa ni asidi moja ya mafuta: asidi ya linoleiki. Nayo mwili wetu hauwezi kuitengeneza. George na Mildred Burr, mume na mke, walionyesha huko Minnesota mwishoni mwa miaka ya 1920 kwamba panya walionyimwa mafuta yote huota magamba kwenye ngozi, mikia yao huharibika na huacha kukua, na kwamba linoleiki iliwaponya. Kwa hiyo mikia ya kadiolipini ya mzee wa waya lazima ipitie jikoni kwa waya. Hapo ndipo swali lake lilipo na uzito.

Makaa na udongo wa jiko

Kabla ya kulinganisha chupa na mikebe, tenganisha kazi mbili za mafuta, kwa sababu watu wengi huzichanganya.

Kazi ya kwanza ni kuungua. Moyo hupata zaidi ya nusu ya nishati yake kwa kuchoma asidi za mafuta, na kwa kazi hiyo hauchagui sana. Palmitiki ya mawese, mafuta ya samli, hata mafuta ambayo ini limeyatengeneza lenyewe kutokana na wanga wa ugali, yote huungua. Hayo ni makaa. Kazi ya pili ni kujenga: udongo wa jiko linalozunguka makaa hayo. Jiko likiwa limepasuka, hata ukiliwekea makaa bora kiasi gani, joto linatoka pembeni na sufuria haichemki.

Mtu aliyekonda kwa njaa anahitaji makaa. Mzee wa waya hana upungufu wa makaa. Kwa hiyo ulinganisho wangu wote hapa unauliza jambo moja: kati ya hivi vilivyo mezani, kipi kinaleta udongo?

Kipimo ninachotumia ni hiki. Mtu mzima anayekula kilokalori 2,000 kwa siku anahitaji angalau asilimia 2 ya nishati hiyo itokane na linoleiki ili asipungukiwe. Hiyo ni gramu 4 hadi 5. Si nyingi.

Chupa na mikebe

Kijiko kimoja cha mezani kina takriban gramu 14 za mafuta. Kijiko cha alizeti ya kawaida, ambayo karibu asilimia 60 yake ni linoleiki, kinakupa gramu 8 hivi. Kijiko hicho kimoja kimeshavuka mahitaji ya siku nzima. Mafuta ya mahindi na ya soya yako nyuma kidogo, karibu gramu 7, na soya inaongeza takriban gramu moja ya omega-3 ya mimea. Tazama lebo ya alizeti lakini: kuna aina iliyozalishwa iwe na oleiki nyingi, asidi nyingine ya mafuta, na hiyo ina linoleiki kidogo sana.

Samli ya Nyakach iko upande wa pili kabisa. Linoleiki yake ni asilimia 2 au 3, kwa hiyo kijiko kizima kinaleta chini ya nusu gramu. Nilisita kumwambia waya hivyo kwa sababu najua samli ni nini kwake. Apoth na dek, mboga zetu za kienyeji, bila samli na maziwa si chakula cha kwao, na harufu ile ikisikika mlangoni mgeni anajua amekaribishwa. Siiiti samli sumu. Ni makaa mazuri yenye ladha. Kosa ni kuifanya iwe mafuta pekee ya nyumba.

Mafuta ya kuganda ya mkebe, na yale ya kupima yanayouzwa kwa kipimo dukani, kwa sehemu kubwa ni ndugu: yote hutoka kwenye mawese yanayoagizwa kutoka Malaysia na Indonesia. Moja ni upande mgumu wa mawese, jingine ni upande wake wa maji. Linoleiki ni karibu asilimia 10, yaani gramu moja na nusu kwa kijiko. Ya kuganda hushuka kidogo chini ya hapo. Mafuta yaliyogandishwa nusu kiwandani kwa haidrojeni ni habari nyingine: yana asidi za mafuta zenye umbo lililonyooshwa ambazo huharibu mishipa ya moyo, na mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilizitaka nchi zote ziyaondoe ifikapo 2023. Soma lebo. Ukiona maneno ya kugandishwa kwa haidrojeni, rudisha rafuni.

Kama lebo haisemi kitu zaidi ya "mafuta ya mimea", kuna njia ya kujua. Watu wa Nakuru wanaijua bila kufundishwa: asubuhi za Julai chupa ya mafuta ya kupima huonekana na wingu jeupe chini, wakati alizeti imebaki angavu. Hapa Kisumu joto hulificha wingu hilo, lakini weka kikombe kwenye friji usiku mmoja utaliona. Sababu yake ndiyo hasa sababu ya mada hii. Mkia wa palmitiki umenyooka, unapangana na wenzake kama kuni kwenye mzigo na kuganda. Mkia wa linoleiki una mapindo mawili, hauwezi kupangwa hivyo, unabaki laini hata kwenye baridi. Kwenye utando wa mitokondria ulaini huo una kazi: protini zinahitaji kusogea, gurudumu linahitaji kuzunguka.

Kwa hiyo, kwa udongo peke yake, alizeti, mahindi na soya zinashinda bila ubishi. Ningeweza kuishia hapa, na makala nyingi za afya huishia hapa. Lakini nilipoanza kupiga hesabu ya sahani nzima ya waya, nikakuta jambo ambalo hakuliweka mezani.

Unga

Punje ya mahindi hubeba mafuta yake kwenye kiini, kile kijicho cheupe kinachoota ukipanda. Unga uliosagwa punje nzima una takriban gramu 4 za mafuta kwa kila gramu 100, na karibu nusu yake ni linoleiki. Unga mweupe wa pakiti, uliokobolewa na kutolewa kiini, unabaki na gramu moja au moja na nusu ya mafuta.

Mtu mzima anayekula ugali mchana na usiku humaliza gramu 300 za unga bila shida. Ukiwa wa punje nzima, linoleiki aliyoipata ni gramu 6. Ametosheka kabla hajafungua chupa yoyote ya mafuta. Ukiwa mweupe wa pakiti, amepata gramu 2 au karibu na hapo, na pengo lililobaki lazima lijazwe na kitu kingine.

Jambo hili lilinigusa. Bibi yangu alisaga kwenye posho mill maisha yake yote kwa sababu ndio alioumudu, na sisi tulipopata kazi tukamnunulia unga wa pakiti kama heshima. Tulimpunguzia kile ambacho sasa watu wa mjini wanakilipia bei kubwa kwenye chupa.

Njugu na simsim, mazao ya huku kwetu, ziko kwenye safu hiyohiyo. Konzi ya njugu, gramu 30, ina gramu 4 au 5 za linoleiki. Simsim ya uzito huo ina 6. Mboga iliyopikwa na njugu za kusaga, kama wafanyavyo Waluhya na Wateso, imeshaleta udongo wake yenyewe. Na mafuta yaliyo ndani ya punje au mbegu yanalindwa na vitamini E iliyomo humohumo, tofauti na mafuta yaliyokaa wiki sita kwenye chupa dirishani.

Karai linageuza matokeo

Mapindo yale mawili yanayoifanya linoleiki kuwa laini ndiyo pia udhaifu wake. Oksijeni huishambulia zaidi ya mara 10 kwa kasi kuliko oleiki, ambayo ina pindo moja tu. Kwenye sufuria ya sukuma wiki, dakika 5 za moto wa wastani, si tatizo. Kwenye karai la mandazi au chipsi, saa 3 za moto mkali, kisha mafuta yaleyale kesho na keshokutwa, linoleiki huvunjika na kutoa vipande vikali ambavyo hushikamana na protini, zikiwemo za mitokondria.

Hapa mpangilio unapinduka. Mafuta ya mawese, yaliyoshindwa kule juu, ndiyo yanayovumilia karai. Alizeti iliyoshinda ndiyo inayoharibika kwanza. Kwa hiyo mtu anayeuza mandazi asishawishiwe kuhamia alizeti eti kwa ajili ya moyo wa wateja. Abaki na mawese na ayabadilishe mapema. Ishara ni zilezile ambazo kila mpishi anazijua: povu lisiloisha, rangi ya chai ya rangi, utomvu kwenye ukingo wa karai, moshi unaotoka kabla mafuta hayajapata moto wa kawaida.

Nimefikiria sana kuhusu mgongo wazi wa mtaa wa Obunga. Akina mama wa kule hununua mifupa ya mbuta, yaani sangara, iliyobaki baada ya viwanda kukata minofu, huikaanga na kulisha familia zisizomudu samaki mzima. Kazi hiyo naiheshimu kwa dhati. Mfupa ule bado una nyama, kichwa na madini. Kinachouharibu ni mafuta yaliyokaangiwa mara nyingi. Ukinunua, nunua asubuhi karai likiwa jipya, au uliza kama unaweza kupata ambao haujakaangwa ukauchemshe nyumbani.

Kadiolipini yenyewe ina udhaifu huohuo. Ikiwa kwenye utando na ikashambuliwa na oksijeni, huacha kumshika saitokromu c. Mjumbe huyo akitoka nje ya mitokondria, seli huisoma kama amri ya kujiua. Mikia laini ina faida na ina gharama, na sijui namna ya kumweleza mtu moja bila nyingine.

Omena au mbuta

Mafuta ya samaki hayashindani na alizeti. Yanaleta kitu tofauti, omega-3 ndefu, hasa ile inayofupishwa DHA. Mwili unaweza kutengeneza kidogo kutokana na mafuta ya soya na mboga za majani, lakini kidogo kweli.

Omena huliwa mzima: kichwa, macho, ini na tando za seli zake zote. Minofu ya mbuta ni myeupe na haina mafuta mengi. Mafuta yake mengi yako tumboni, sehemu ambayo mara nyingi haifiki kwenye sahani. Kwa pesa ileile, mimi huchagua omena, na si kwa sababu ya mafuta tu, bali kwa kalisi pia. Ngege, yaani tilapia, iko katikati, na mtu anayeipenda asijilazimishe.

Sharti la omena ni ukaushaji. Zilizoanikwa kwenye nyavu juani na kukauka siku moja hung'aa kama fedha na kunukia ziwa. Zilizonyeshewa na kuanikwa tena hugeuka manjano na kukereketa kooni. Manjano hayo ni mafuta yaliyochacha: DHA ina mapindo 6, na ikiachwa kwenye unyevu na hewa haikai. Hizo waachie kuku. Kisha usizikaange hadi ziwe kama vijiti. Zioshe kwa maji ya moto, zipike na nyanya na vitunguu, ongeza kijiko cha mafuta mwishoni.

Kuna swali ambalo watafiti bado wanabishania. Panya waliolishwa mafuta mengi ya samaki huonyesha DHA ikiingia kwenye kadiolipini ya moyo na kuchukua nafasi ya linoleiki. Wengine wanaona hilo ni jema, wengine wana mashaka. Kwa mtu anayekula omena mara 2 au 3 kwa wiki na ugali wa punje nzima, ubishi huo haumfikii, kwa kuwa anapata zote mbili kwa kiasi.

Vidonge

Kwenye maduka ya dawa mjini kuna vichupa vinavyoahidi kuamsha mitokondria. Kadiolipini ikimezwa humeng'enywa tumboni kama mafuta mengine, haiendi nzima hadi kwenye moyo. Koenzaimu Q10 mwili hujitengenezea. Lesithini ipo kwenye yai na soya. Kuna dawa ya sindano, elamipretide, inayoshikamana na kadiolipini, lakini hiyo imeundwa kwa magonjwa ya nadra na huandikwa na daktari bingwa. Pesa ya vichupa inunue njugu.

Mipaka ya jambo hili

Ningekuwa simtendei haki waya kama ningemwambia kwamba chakula ndicho fundi. Mwaka 1983 daktari Mholanzi Peter Barth aliwaeleza wavulana wa ukoo mmoja waliokuwa na moyo dhaifu, misuli dhaifu na upungufu wa chembe nyeupe za damu. Mwaka 1996 jeni iliyoharibika ikapatikana. Ni ile inayotengeneza kimeng'enya cha kupanga upya mikia ya kadiolipini. Wavulana wale hawakukosa linoleiki mezani. Walikosa anayeipanga. Kadhalika, mioyo iliyoshindwa kazi imepimwa na kukutwa na upungufu wa kadiolipini yenye mikia minne ya linoleiki, na baadhi ya upungufu huo ni matokeo ya ugonjwa, si chanzo chake.

Panya wenye shinikizo la damu waliolishwa mafuta yenye linoleiki nyingi waliishi zaidi kuliko wenzao waliolishwa mafuta ya nguruwe, kwa utafiti uliotoka mwaka 2008. Ni habari njema, lakini ni panya. Kwa watu, jaribio kubwa la Minnesota lililoanza 1968 liliwahusisha zaidi ya watu 9,000, baadhi wakipewa mafuta ya mahindi kwa wingi. Data zake zilipochambuliwa upya mwaka 2016, kolesteroli ilikuwa imeshuka, vifo havikupungua. Mimi nalisoma hivi: upungufu wa linoleiki una madhara ya hakika, kuizidisha hakuongezi nguvu. Utando ukishapata mikia yake, haujengi mingine kwa sababu wewe umemimina vijiko 4.

Na kwa mgonjwa wa moyo, chumvi na dawa alizoandikiwa vinatangulia haya yote. Hilo nilimwambia waya kwanza kabisa, kabla ya chupa yoyote.

Nilichomchagulia

Kwa mzee, niliweka unga mbele ya mafuta. Ugali wa punje nzima, njugu za kusaga kwenye mboga mara 3 kwa wiki, omena ya mchuzi isiyotiwa chumvi nyingi. Kwenye sufuria, kijiko kimoja au viwili vya alizeti kwa siku, chupa ndogo ikae kabatini gizani, imalizike ndani ya mwezi. Samli ibaki, kijiko cha chai kwenye apoth ya Jumapili. Mkebe wa kuganda usinunuliwe tena ukiisha.

Kama fedha zingekuwa hazitoshi alizeti, ningemwambia abaki na mafuta ya kupima na abadilishe unga tu. Pengo lingekuwa limezibwa. Kwa jirani yake anayeuza chapati na mandazi pale barabarani, ushauri ungekuwa kinyume: mawese kwenye karai, na yasikae zaidi ya siku mbili. Kwa familia inayokula unga wa pakiti na haiwezi kuuacha kwa sababu watoto wanaukataa wa punje nzima, hapo alizeti, soya au njugu si hiari.

Waya alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali la mpishi: unga wa punje nzima si huchacha? Huchacha. Kiini kikishasagwa mafuta yake hukutana na hewa, na baada ya wiki chache unga unakuwa mchungu. Tulikubaliana asisage debe zima. Jumamosi alichambua gorogoro mbili za mahindi makavu, akatupa kila punje yenye ukungu, akazibeba hadi kwenye kinu cha karibu na kumwambia kijana asikoboe. Kijana alimuuliza mara mbili kama ana hakika.